Nani Kachezea Saa ya Kompyuta?

Hebu fikiria Jumatatu moja mwishoni mwa Machi. Saa ya ukutani inaonyesha saa 2 asubuhi, lakini kompyuta ya shule inaonyesha saa 3. Ijumaa zilikuwa sawa kabisa. Nani kaichezea?

Pengine hakuna mtu. Kama kompyuta hiyo ilitumika Uingereza kabla ya kuletwa kwenu, huenda bado inadhani iko London! Mtu aliisogeza saa mbele kwa mkono ili ilingane na ya kwetu, akaacha ukanda wa saa wa zamani.

Kwa nini wanabadilisha?

Uingereza iko mbali na Ikweta. Wakati wa kiangazi jua huchomoza mapema mno, watu wakiwa bado wamelala. Kwa hiyo Jumapili ya mwisho ya Machi husogeza saa mbele kwa saa moja, wapate mwanga zaidi jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha nyuma. Walianza mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili kuokoa makaa ya mawe. Sisi hapa Afrika Mashariki jua letu halibadiliki sana, hivyo hatuhitaji mambo hayo.

Ufanye nini?

Usisogeze saa tu, maana Oktoba itakuruka tena! Fuata hatua hizi:

1. Fungua mipangilio ya tarehe na saa.
2. Tafuta ukanda wa saa. Kwenye Windows chagua ule wa Nairobi, UTC+03:00. Ndio huo huo wa Dar es Salaam na Kampala.
3. Sasa angalia saa. Kama bado si sahihi, irekebishe.

Si jambo dogo. Ukiwa unatuma maombi ya chuo na saa ya kompyuta iko nyuma kwa saa moja, utadhani una muda, kumbe mlango umeshafungwa.

Na saa ya mwili je?

Mwili nao una saa yake, iko ndani ya ubongo. Inafuata mwanga na giza, na huwezi kuirekebisha kwa kubonyeza kitufe. Hata wenzetu wa Ulaya, wakipoteza saa moja tu mwezi Machi, wengine huchukua siku kadhaa kuzoea.

Hapa ndipo unapoguswa wewe mpenzi wa mpira. Mechi inayoanza saa 2 usiku London, wakati wa kiangazi chao huanza saa 4 usiku kwetu. Baada ya mabadiliko ya Oktoba, mechi hiyo hiyo huanza saa 5 usiku. Ikiisha ni karibu saa 7. Ukiamka saa 11 alfajiri kuwahi shule, umelala saa nne tu! Kijana wa umri wako anahitaji saa 8 hadi 10. Usingizi ukipungua, hesabu hazipandi, hasira ziko karibu, na darasani unasinzia.

Ushauri wetu? Mechi za katikati ya wiki, lala, uulize matokeo asubuhi. Magoli utayaona hata kesho. Kipindi cha kwanza ukikipitisha kwa kusinzia, nani atakurudishia?