Je, Wajua? Hita, betri na usiku wa Isaka

Je, wajua kwamba hata Shinyanga kuna baridi? Muulize utingo aliyelala ndani ya lori Isaka mwezi Julai, pale bandari kavu, akisubiri mzigo wa Rwanda. Saa kumi alfajiri magoti yamefika kidevuni. Hapo ndipo wazo la hita ya umeme linapoingia.

Je, wajua hita ya nyumbani ya wati 1,500 hula kwa dakika moja umeme wa kujaza simu yako? Betri ya N70, yenye volti 12 na ampea-saa kama 70, inabeba wati-saa 840 tu. Kwenye karatasi hita hiyo inaimaliza kwa dakika 34. Barabarani ni mapema zaidi, maana betri ya risasi ukiikamua kwa pupa hutoa pungufu, na inveta inakata chake katikati kama dalali.

Tundu la kuwashia sigara je? Fyuzi yake mara nyingi ni ampea 15, yaani wati 180 basi. Ndiyo maana vihita vya kuchomeka pale huishia wati 150 hivi. Sasa sikia: mtu aliyetulia hutoa joto la wati kama 100. Utingo wako ni theluthi mbili ya hita, na hachomi fyuzi. Anakoroma tu.

Blanketi la umeme la gari ni wati 50 hivi. Usiku wa saa nane linakula karibu nusu ya N70. Mita ikisoma volti 12.2 gari likiwa limezimwa, nusu imekwenda: chomoa, la sivyo asubuhi mtaomba wapita njia wasukume.

Je, wajua joto la bure mnalo? Hita ya dashibodi hutumia maji ya moto ya injini, betri inazungusha feni tu. Pasheni kabini moto mkiwa bado njiani, kisha zimeni injini, fungeni vioo vibaki na upenyo, mjifunike shuka. Jiko la mkaa lisipande kabini hata kwa dakika tano. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki.

Betri ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na iliyo chini ya boneti yako bado ni ukoo uleule.

La mwisho linawashangaza hata madereva wa Geita: muuaji wa betri ni jua. Joto huharakisha kutu ya sahani za risasi na kukausha maji. Asubuhi ya baridi inatangaza tu msiba. Kwa hiyo kama betri yako ina vifuniko, vifungue Septemba, usingoje Julai. Sahani zikionekana kavu, ongeza maji ya betri. Si ya bomba, na tindikali usiiguse.