Fundi wa mtaa na grupu isiyotoa moshi



Mwezi huu sitaanza na kofia ya chuma wala viatu vya kazi. Nitaanza na mimi mwenyewe. Mimi ni muganga msaidizi katika dispanseri ya kampuni, lakini kwetu Kadutu, mjini Bukavu, ni wachache wanaokuja nyumbani kuniletea ugonjwa. Wengi wananiletea radio.

Kosa ni langu. Katika shule ya ufundi nilikosomea uganga, tulifundishwa kufungua na kusafisha vyombo vyetu wenyewe. Tangu siku hiyo mkono wangu haupiti karibu na turnevisi bila kuichukua. Jirani mmoja aliniona nikiunga waya wa pasi kwenye baraza. Jioni ile ile akaleta pasi yake. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa umepata habari.

WAGONJWA WASIO NA DAMU

Kila kitu kilichoharibika kina mwenyewe, na mwenyewe ana maneno yake. La kwanza: "Docta, jana ilikuwa inaimba muzuri." La pili: "Hakuna mutu aliigusa." Basi unafungua radio, unakuta mende watatu, kijiko cha chai na gundi ya fundi viatu. Hakuna mtu aliyeigusa! Sishangai sana, kwa sababu dispanseri nako ni vile vile. Mgonjwa anasema, "Sikunywa kitu, Docta," na harufu ya pombe imeingia kabla yake.

Halafu kuna dawa ya kofi. Televisheni ikipoteza picha, papa mwenye nyumba anaipiga kofi ubavuni. Picha ikirudi, yeye ndiye fundi. Mimi naeleza kwamba ndani kuna waya umeachia, kofi limeusogeza tu, na kesho utaachia tena. Ananitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama kijana aliyesoma mpaka akachoka. Kesho picha ikipotea tena, nani analaumiwa? Ni mimi, niliyesema maneno mabaya.

Hata kazini sipumziki. Asubuhi moja mashine yetu ya kupima mkazo wa damu ilikataa kupanda. Kila aliyekuja, sindano ilikaa kwenye sifuri. Kwa hesabu ya mashine, nilikuwa nimepokea maiti sita, na wote walikuwa wakilalamika kwamba nachelewa. Mpira ulikuwa umepasuka kidogo karibu na pampu. Nilikata kipande kibovu, nikaunga upya, wagonjwa wakafufuka. Mtu mmoja akasema, "Huyu docta anajua." Hakujua kwamba pasi ya mke wangu ilikuwa mezani mwezi wa sita sasa, na kwamba radio yangu mwenyewe, baada ya kuifunga, iliniachia visi mbili ambazo mpaka leo sijui kwao ni wapi.

Nacheka, ndugu zangu. Lakini kuna kazi moja niliyoitengeneza vizuri kabisa, na hiyo siicheki.

GRUPU ILIYOPONA

Mnajua hali ya mji wetu. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa Bukavu. Kituo cha kwanza cha umeme juu ya mto huo kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na cha pili, kinachogawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi, kilianza kazi mwaka 1989. Hata hivyo mishumaa haijakosa wanunuzi mitaani kwetu. Umeme ukikatika, mwenye uwezo anawasha grupu yake ndogo ya petroli.

Jirani yangu, baba wa watoto watatu, aliniletea grupu iliyokuwa ikikohoa na kutoa moshi mweusi. Niliifanyia kazi Jumapili mbili. Nilisafisha kabireta, nikabadilisha buji, nikaosha chujio la hewa lililokuwa limejaa udongo. Nilipovuta kamba, ilinguruma taratibu kama paka. Nikamwambia kwa kiburi, mbele ya watu: "Angalia! Sasa haitoe moshi hata kidogo."

Maneno hayo niyakumbuke mpaka kufa.

Majuma mawili baadaye, saa kumi na moja ya asubuhi, baba yule alipiga hodi kwangu akishikilia ukuta. "Docta, malaria imetuangusha wote." Nilichukua mfuko wangu, nikamfuata. Mama alikuwa sakafuni, anatapika. Watoto wawili walilia kwamba kichwa kinapasuka. Wa tatu, mdogo kuliko wote, alikuwa hashituki vizuri nikimwita.

Niligusa vipaji vya nyuso: hakuna homa. Nikaweka kile chombo kidogo cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Kilisoma 98. Kwa chombo hicho, mtoto alikuwa mzima kabisa. Ninapenda vyombo, ndugu zangu, na kwa muda nilikiamini kuliko macho yangu.

Ndipo mama akasema kwa sauti ndogo: "Na kuku pia wamekufa." Kuku wanne waliokuwa wamelala jikoni walikuwa wamekauka chini ya meza. Hapo nikauliza swali ambalo fundi anauliza kwanza, na muganga naye alipaswa kuliuliza kwanza: "Usiku mulibadilisha nini humu ndani?"

Baba akanionyesha. Mvua ilikuwa kubwa, wezi walikuwa wakizunguka, na kulikuwa na mpira kwenye televisheni. Kwa hiyo grupu iliwekwa kwenye korido, kati ya jiko na chumba cha kulala, mlango umefungwa. Iliwaka mpaka petroli ikaisha. "Docta," akasema, "ni wewe ulisema haitoe tena moshi."

Tuliwatoa wote nje kwenye mvua nyembamba ile, tukafungua milango na madirisha, tukawakimbiza hospitali. Walipewa oksijeni. Wote watano wako hai leo, na yule mdogo anasoma. Kuku ndio waliolipa.

HEWA ISIYOONEKANA

Kilichowaangusha kinaitwa monoksidi ya kaboni. Hutoka mahali popote penye petroli, mazuti, kuni au makala yanayowaka bila hewa ya kutosha. Haina rangi. Haina harufu. Moshi mweusi unakufukuza mwenyewe, lakini hii inakubembeleza ulale. Mashine iliyotengenezwa vizuri inatoa masizi machache, lakini monoksidi bado inatoka. Nilikuwa nimeondoa kile kilichokuwa kikiwaonya watu, nikawaachia sumu yenyewe.

Inaua namna gani? Damu yetu hubeba oksijeni kama wagoni zinavyobeba mawe ya madini. Monoksidi hushika wagoni hizo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wagoni zinatembea, zimejaa, lakini mzigo si ule unaotakiwa. Chombo cha kidoleni kinaona wagoni zimejaa tu, hakiwezi kutofautisha mzigo, ndiyo maana kilisoma 98. Hakikuharibika. Kilijibu swali nisilouliza.

Na kuku? Wachimbaji wa zamani wangeelewa mapema kuliko mimi. Katika miaka ya 1890 mtaalamu John Scott Haldane wa Uingereza alishauri wachimbaji wa makaa ya mawe washuke na viumbe vidogo kama kipimo cha hewa. Ndege wadogo aina ya kanari ndio waliojulikana zaidi. Ndege hupumua haraka, sumu humwangusha kabla ya mtu. Akianguka kwenye kijumba chake, watu wanatoka. Migodi ya Uingereza iliwapumzisha ndege hao mwaka 1986, vyombo vilipochukua kazi yao. Kuku wa jirani yangu walifanya kazi hiyo hiyo bila mshahara.

TUFANYE NINI?

Kwanza: grupu haiingii ndani ya nyumba. Si korido, si jikoni, si chini ya dirisha, hata madirisha yakiwa wazi. Iwe nje, mbali na mlango na dirisha mita 6 au zaidi. Kama unaogopa mwizi, ifunge kwa mnyororo huko huko nje. Kama mvua inanyesha, ijengee kipaa kilicho wazi pande zote.

Pili: mbabula ya makala hailali chumbani. Najua baridi ya usiku wa Bukavu katika kiangazi. Ongeza blanketi. Makala mekundu yasiyotoa moshi ni ndugu wa ile grupu yangu.

Tatu, kwa wenye ndugu wanaochimba mashimo yao wenyewe: mota ya petroli ya kuvuta maji isishushwe ndani ya shimo. Ikae juu, kwenye upepo, mpira ndio ushuke. Na mwenzako akianguka shimoni, usiruke kumfuata. Wengi hufa wakienda kuokoa. Zima mota, ita watu, ingiza hewa kwanza.

Nne: watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kutapika kwa wakati mmoja, bila homa, msiseme malaria haraka. Tokeni nje kwanza, halafu hospitali, na mweleze muganga kitu gani kilikuwa kinawaka.

NENO KWA MAFUNDI WENZANGU

Mko wengi katika kampuni hii: mafundi wa umeme, wa magari, wa pampu, na wale wasio na cheo wanaoletewa radio Jumapili. Nawajua. Tunachoka na maneno ya watu, tunachoka na makofi ya televisheni, basi tukimaliza kazi tunarudisha kitu, tunapokea asante, tunaenda kunawa mikono. Tunadhani mwenye kitu anajua tunachokijua. Hajui. Ndiyo sababu alikuja kwetu.

Mimi siku hizi nikirudisha grupu, simwambii mtu kwamba haitoi moshi. Namuuliza: "Utaiweka wapi?" Na siiachi mkono mpaka anionyeshe mahali kwa kidole. Wengine wanakasirika. Wanasema docta amekuwa na maneno mengi kama padri. Sawa. Wakasirike, lakini waamke asubuhi.

Na pasi ya mke wangu? Nimeitengeneza. Imebaki visi moja.