Mbio za saa saba mchana, na akina mama waliokesha Uhuru Park

SAA saba mchana katikati mwa jiji la Nairobi, wengi hutoka afisini kutafuta chapati na maharagwe. Wachache hutoka wamevaa raba. Sababu ya mzazi kuchagua saa hiyo haihitaji maelezo marefu. Alfajiri ni kuandaa watoto wa shule na kuwahi matatu. Jioni ni msongamano wa magari, kazi za shule na chakula cha usiku. Kati ya hayo, kuna saa moja tu ambayo ni yake.

Dunia inaijua Kenya kwa wakimbiaji wa Iten na Eldoret, lakini mfanyakazi wa Nairobi anaweza kuketi kitini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa bila kutokwa na jasho, isipokuwa lile la kukimbilia gari. Kwa mtu wa namna hiyo, bustani za jijini ni dawa iliyo karibu na isiyo na gharama kubwa. Na anayepunguza mwendo kidogo hugundua kwamba njia anayokanyaga ina habari ambazo watoto wake huenda hawajawahi kuzisikia.

Uhuru Park ndiyo mahali pa kuanzia. Mzee Jomo Kenyatta aliifungua rasmi Mei 1969. Ina ziwa dogo, miti ya kivuli na mwinuko wa kutosha kumtoa mtu pumzi. Ni vigumu leo kuamini kwamba ilikaribia kumezwa na saruji.

Mwaka 1989, chama tawala cha KANU kilipanga kujenga humo jumba la orofa 60. Lingekuwa na makao makuu ya chama, afisi za gazeti lake la Kenya Times na, mbele yake, sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Aliyesimama kupinga ni Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement. Aliandika barua kwa wakubwa wa serikali na kwa mashirika ya nje, akaenda Mahakama Kuu, na kesi yake ikatupwa. Bungeni alikejeliwa. Rais mwenyewe alitamka hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika angewaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza. Wafadhili wa nje walianza kusita, mradi ukapunguzwa, mwishowe ukaachwa. Kwa hivyo kila anayenyoosha misuli kwenye nyasi zile mchana anatumia nafasi ambayo ingekuwa ukumbi au maegesho ya magari.

Kisa cha pili cha bustani hiyo ndicho kinachomgusa mzazi zaidi.

Februari 28, 1992, kundi la akina mama, wengi wao wazee kutoka mashambani, waliketi katika kona ya Uhuru Park na kuanza kugoma kula. Wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa. Miongoni mwao alikuwa Bi Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere. Maathai alijiunga nao. Hawakuwa na silaha wala chama kikubwa nyuma yao. Walichosema ni kwamba hawatakula hadi watoto wao waachiliwe. Umati ukaanza kukusanyika, na watu walioteswa wakasimulia hadharani yaliyowapata, jambo ambalo halikuwa rahisi siku zile.

Machi 3, polisi waliwavamia kwa gesi ya kutoa machozi na marungu. Maathai alipigwa hadi akazirai, akakimbizwa hospitalini. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari. Kwa jamii nyingi za Kenya, mama kujivua nguo mbele ya wanaume wa rika la wanawe ni laana nzito, na askari waliijua maana yake.

Hawakurudi nyumbani. Walihamia All Saints Cathedral, kanisa lililo jirani na bustani, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Mapema 1993 karibu wana wao wote walikuwa wameachiliwa. Kona ile hadi leo inaitwa Freedom Corner. Mkimbiaji hutumia dakika chache tu kutoka hapo hadi kanisani. Wao mwendo huo uliwagharimu mwaka.

Ukitazama ng'ambo ya Uhuru Highway utaliona jumba la Nyayo House. Wazazi wengi hulijua kwa foleni za pasipoti. Katika miaka ya themanini, vyumba vyake vya chini vilitumiwa kuwatesea washukiwa wa kisiasa. Foleni ile ingekuwa nafasi nzuri ya kumweleza kijana wa sekondari habari hizo, badala ya kila mtu kuinamia simu yake.

Upande wa pili wa jiji kuna Bustani ya Jeevanjee. Hii si ya kukimbia, angalau si mchana: imejaa wahubiri, waliolala kwenye nyasi na wanaobishana siasa. Ni ya kutembea ili moyo utulie. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetoka Karachi, aliwapa wakazi wa Nairobi bustani hiyo mwaka 1906, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 1991 kulizuka mpango wa kuigeuza maduka na maegesho, na mjukuu wake, mwandishi Zarina Patel, akaongoza upinzani. Bustani ikabaki. Sanamu ya malkia haikuwa na bahati hiyo. Iliharibiwa mwaka 2015.

Mwenye muda zaidi anaweza kupanda hadi Arboretum, karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu aina za miti inayokua haraka, kwa sababu garimoshi za wakati huo zilikula kuni. Mengine ya pale ni kivuli na nyani, nao nyani hawana adabu kwa mwenye ndizi mkononi.

Kuhusu mbio zenyewe, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua la Januari na Februari ni kali. Anayeanza atembee na kukimbia kwa zamu kwa dakika 20 au 25, na abakishe muda wa kujipangusa na kubadilisha shati. Atafune kitu chepesi saa nne, kisha ale chakula chake baada ya mbio. Mwenye shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Ni vyema kwenda wawili au watatu, simu ikae mfukoni, na barabara ivukwe kwenye taa hata kama dakika zinayoyoma.

Jumamosi, njia hiyohiyo inafaa kwa watoto, bila saa ya kuwakimbiza. Waanzie Freedom Corner, penye mnara uliozinduliwa Septemba 2015 kwa heshima ya waliopigania uhuru na kuteswa na wakoloni. Una sanamu za mwanamke anayempa mpiganaji wa Mau Mau kikapu cha chakula. Mtoto mwenye macho makali atauliza mbona wamepeana migongo. Jibu ni kwamba hawakutakiwa kuonana nyuso: mmoja wao akikamatwa, asiwe na wa kumtaja.