Harufu ngeni kwenye fremu au kontena la zamani: tafuta chanzo kabla ya kumlaza mtoto humo

Umepata fremu pale Ziba, kando ya barabara. Au umejichanga ukanunua kontena lililotumika ili ufungue saluni, duka la nguo au ushonaji. Kodi umeshalipa, na pesa ya kupangisha kwingine huna. Unafungua mlango, unakutana na harufu usiyoielewa. Jirani mmoja anakwambia itaisha yenyewe, mwingine anakwambia uchome udi. Lakini wewe unamwaza mtoto wako wa miezi saba, ambaye atashinda humo nawe kutwa nzima, amelala kwenye khanga chini ya meza ya cherehani.

Mama, una haki ya kuwa na wasiwasi. Harufu yenyewe si ugonjwa, ni taarifa kwamba kuna kitu humo ndani kinachoingia kwenye hewa mnayovuta. Kwa hiyo usianze kwa kuifunika. Anza kwa kujua inatoka wapi. Harufu nyingi huondoka kwa sabuni, jua na upepo. Chache zinakutaka utoke nje na mtoto, na usirudi mpaka mtaalamu apaangalie.

Kwa nini mtoto huathirika kabla yako?

Mtoto mchanga huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake. Hutambaa sakafuni, mahali ambapo vumbi na mabaki ya dawa hutulia, kisha huweka mikono mdomoni. Mwili wake bado mdogo, na kiasi cha sumu ambacho wewe kitakuumiza kichwa tu chaweza kumlaza yeye hospitali.

Jambo jingine ni kwamba pua huzoea. Ukikaa kwenye harufu kwa muda, utaacha kuisikia ingawa bado ipo. Usipime kwa kusema "sasa siisikii". Toka nje, kaa kwenye hewa safi kwa muda, kisha rudi mlangoni unuse tena. Pima pia mchana wa jua kali, kwa sababu bati likipata moto harufu nyingi huzidi. Fremu isiyo na harufu asubuhi yaweza kuwa na harufu kali saa nane mchana.

Anza na maswali, siyo na ndoo ya maji

Kabla hujasafisha, na ikiwezekana kabla hujalipa, muulize mwenye fremu kwa heshima: "Shikamoo mzee. Naomba kujua, kabla yangu humu ndani palifanyika biashara gani?" Ukimaliza, waulize na majirani. Hasa taka kujua kama:

- palikuwa duka la pembejeo au stoo ya dawa za pamba. Igunga ni wilaya ya wakulima wa pamba, na dawa za kupulizia wadudu huhifadhiwa popote penye nafasi;
- palihifadhiwa mahindi, mpunga au nafaka nyingine iliyowekewa vidonge vya kuua wadudu;
- paliuzwa petroli au mafuta ya taa kwenye madumu;
- palihifadhiwa tumbaku, kama ilivyo katika maeneo mengi ya Tabora;
- palifugwa kuku au mbuzi, au pamefungwa muda mrefu bila mtu.

Jibu la swali hili moja litakusaidia kuliko dawa yoyote ya kunukia.

Harufu inakuambia nini?

Harufu ya udongo mbichi au nguo zilizolala na maji: huo ni ukungu. Tafuta bati linalovuja au ukuta uliolowa, hasa baada ya mvua za Novemba hadi Aprili. Ukungu huamsha kikohozi na pumu kwa watoto. Ziba panapovuja kwanza, kisha sugua kwa maji ya sabuni na pakaushe kabisa. Ukisafisha bila kuziba, utarudi kwa kasi ileile.

Harufu ya mzoga au mkojo mkali: ni panya au popo. Angalia juu ya dari na nyuma ya mbao. Kinyesi chao kikiwa kikavu usikifagie, kwa sababu vumbi lake lina vimelea vinavyoingia mapafuni. Kilowanishe kwanza kwa maji ya sabuni, kisha kikusanye kwa tambara ukiwa umevaa glovu na barakoa.

Harufu kama ya kabati la nguo za zamani: tafuta vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu. Viondoe vyote. Mtoto anaweza kuviokota akidhani ni pipi. Pia, watoto wengine huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayoonekana sana katika maeneo yenye malaria. Kwa mtoto wa aina hiyo, mvuke wa vidonge hivyo unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Ukiona macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai au mtoto kupauka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Harufu tatu za kukutoa nje mara moja

1. Petroli, mafuta ya taa au gesi ya kupikia. Mvuke wa petroli na gesi ya mtungi ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, pale mtoto alipolala. Usiwashe kiberiti, jiko wala taa. Fungua mlango, toka, na uzuie watu kuvuta sigara karibu. Kukiwa na moto au hatari ya moto, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

2. Dawa ya wadudu. Nyingine hunuka kama kitunguu saumu, nyingine kama mafuta ya taa. Ukiona chupa, pakiti, au madoa sakafuni na ukutani, usisafishe mwenyewe, hasa kama una mimba au unanyonyesha.

3. Harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza mahali palipokaa nafaka. Hii yaweza kuwa hewa ya vidonge vya kuhifadhia nafaka. Vidonge hivyo hutoa gesi inayoua vinapokutana na unyevu, na hubakiza unga wa kijivu. Usimwagie maji, usifagie, usiguse. Hakuna dawa maalumu ya kuondoa sumu hiyo mwilini, na watoto hufa haraka kuliko watu wazima. Gesi hii huweza kupenya kutoka stoo ya jirani, kwa hiyo uliza na upande wa pili wa ukuta.

Kwa hizi mbili za mwisho, mwite afisa afya wa kata au afisa kilimo wa kata. Wao wanajua namna ya kufikisha taarifa kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), inayosimamia dawa hizi nchini. Chupa tupu usizitumie kuwekea maji wala mafuta ya kupikia, na usizichome.

Kama ni kontena

Kontena lilitengenezwa kubebea mizigo, siyo kukaliwa na watu. Sakafu yake mara nyingi ni plaiwudi iliyotiwa dawa ya kuzuia wadudu. Angalia kibati kilichopigwa mlangoni, kwani mara nyingi huandikwa dawa iliyotumika kwenye mbao na mwaka wake. Baadhi ya mizigo pia hufukizwa kwa gesi ya sumu safarini.

Kwa hiyo usipige msasa sakafu hiyo. Ukiing'oa, mbao zake zisiwe kuni za kupikia wala kitanda. Zioshe kwa sabuni, ziache zikauke, kisha zipake rangi ya mafuta na utandike kapeti la plastiki juu yake. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie madirisha mawili yanayotazamana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Mlango mmoja hautoshi.

Jambo hili liliwapata watu wengi huko Marekani. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, familia zilizopoteza nyumba zilipewa matrela ya kuishi. Wengi wakalalamikia harufu kali, macho kuwasha na watoto kukohoa. Chanzo hakikuwa uchafu. Ilikuwa kemikali iitwayo fomaldehaidi, iliyotoka kwenye gundi ya mbao zilizojengea matrela hayo. Mapema mwaka 2008 kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kilitangaza matokeo ya kupima makazi 519 ya aina hiyo, kikashauri familia zihamishwe kabla ya majira ya joto, kwa sababu joto huzidisha kemikali hiyo. Malalamiko ya wazazi yalikuwa ya kweli. Sanduku lililofungwa, lenye mbao za gundi, likipigwa na jua, hufanya vivyo hivyo Ziba.

Namna ya kusafisha kwa usalama

Kama hukukuta mojawapo ya zile harufu tatu za hatari:

1. Mtoto abaki kwa bibi au shangazi mpaka kazi iishe.
2. Toa kila kitu nje: makapeti, magunia, maboksi, godoro. Kinachonyonya harufu na hakifuliki, kiache.
3. Fungua mlango na madirisha siku kadhaa za jua kali, asubuhi mpaka jioni, kabla ya kuhamia.
4. Sugua kuta, dari na sakafu kwa maji ya sabuni, suuza, kisha acha pakauke kabisa.
5. Ukimaliza, oga na ubadilishe nguo kabla ya kumnyonyesha mtoto.
6. Kama imebaki harufu hafifu, weka mkaa uliopoa kwenye beseni kila kona. Mkaa hupunguza harufu. Hauondoi sumu.
7. Funga usiku mmoja, fungua mchana wa kesho yake, unuse ukiwa mlangoni. Harufu ikirudi vilevile, chanzo bado kimo ndani.

Mambo ya kuepuka

- Usichome udi, ubani wala uvumba kuficha harufu. Moshi huo nao huumiza mapafu ya mtoto.
- Usiwashe jiko la mkaa ndani ili "kukausha". Mkaa hutoa gesi isiyo na harufu kabisa, na gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini.
- Usichanganye dawa ya kung'arishia nguo (kama Jik) na siki, ndimu, dawa ya choo au mkojo wa wanyama. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma koo na mapafu. Osha mkojo kwa sabuni na usuuze kwanza.
- Usipulizie dawa ya mbu kushindana na harufu.

Dalili za hatari

Toka nje na mtoto, mwahishe zahanati au kituo cha afya, ukiona:

- anapumua kwa shida au kwa haraka kuliko kawaida;
- analegea, anasinzia kupita kiasi au ni vigumu kumwamsha;
- anatokwa mate mengi, jasho na machozi, na mboni za macho zimekuwa ndogo sana;
- anatapika mfululizo, misuli inatetemeka, au amepata degedege;
- watu kadhaa ndani wanaumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, na wanapata nafuu wakitoka nje.

Kama dawa imemgusa mwilini, mvue nguo na umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Kama amemeza, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ukidhani yanaua sumu. Chukua chupa au pakiti uliyoikuta, uiweke kwenye mfuko, umwonyeshe mhudumu wa afya. Ukiwa Ziba, hospitali ya rufaa ya Nkinga iko hukohuko wilayani Igunga. Kwa ushauri wa afya, namba ya Wizara ya Afya ni 199, bila malipo.

Kumbuka

Kupoteza kodi kunauma, hasa kwa mama anayeanza biashara. Ndiyo maana maswali huulizwa kabla ya kulipa. Lakini kama umeshalipa na ukagundua palikuwa stoo ya sumu, mfuate mwenye fremu ukiwa na mwenyekiti wa kijiji au afisa afya, umwonyeshe ulichokikuta. Wakati mazungumzo yanaendelea, weka meza yako nje chini ya kivuli, na mtoto akae huko nawe.

Ukiwa na shaka, tumia kipimo hiki: kama wewe huwezi kukaa humo saa nzima mlango umefungwa bila kichwa kuuma, basi mtoto wako asilale humo hata dakika moja.