Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kwa Miguu Hadi Karbala Katika Jua la Agosti

Kila mwaka, mwezi wa Safar unapoingia, ule ambao watu wa pwani huuita Mfunguo Tano, barabara za kusini mwa Iraki hujaa watu waendao kwa miguu. Wamevaa nguo nyeusi, wamebeba bendera, wanasukuma vigari vya watoto na vikongwe. Kando ya barabara hizo wapo wengine wanaowavizia. Wanaume wazima husimama katikati ya lami wametandaza mikono, wakiwasihi wapita njia waingie wale, wanywe, waoge, walale. Mpita njia akiapa kwamba tangu alfajiri amekwisha kula mara nne, huambiwa: basi kaa kidogo tukukande miguu.

Watembeaji hao huitwa mazuwari, na safari yao ni ya Arubaini ya Imamu Husein, ambaye amezikwa Karbala. Wanaoandika habari zake huvutwa na wingi wa watu, na kweli idadi inatisha: mwaka 2024 uongozi wa haramu, yaani jengo la kaburi, ya Abbas nduguye Husein, iliyo mkabala na ya Husein mwenyewe, ulitangaza kuwa waliofika walizidi milioni 21. Lakini anayetaka kuijua desturi yenyewe asiwatazame tu wanaotembea. Awatazame waliokaa kando ya njia. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijui mahali pengine ambapo maneno hayo huchukuliwa kwa uzito kama pale.

Asili yake ni mwaliko uliovunjwa. Mwaka wa 60 Hijria, watu wa mji wa Kufa walimwandikia Husein, mjukuu wa Mtume, barua nyingi wakimtaka aje awaongoze dhidi ya utawala wa khalifa Yazid. Akamtanguliza binamu yake, Muslim bin Aqil. Maelfu walimpa Muslim mkono wa utii; gavana mpya alipoanza kuwatisha, walimkimbia wote, na usiku ukamkuta akizunguka vichochoroni hana pa kulala. Aliyempa maji na kumficha ndani alikuwa mwanamke mmoja, Tau'a. Muslim aliuawa. Husein alikuwa keshaondoka Makka na familia yake. Jeshi lilimzuia Karbala, likamkatia njia ya mto Furati kuanzia tarehe 7 Muharram, na tarehe 10, Oktoba mwaka 680, akauawa pamoja na wafuasi wake wachache. Nduguye Abbas aliuawa akitoka mtoni na kiriba cha maji.

Siku ya arubaini ikaangukia tarehe 20 Safar. Mapokeo yanasema siku hiyo alifika kaburini sahaba mzee wa Mtume kutoka Madina, Jabir bin Abdallah al-Ansari, na yeye ndiye anayehesabiwa kuwa zuwari wa kwanza. Sisi pia tunaijua arobaini: watu hurudi msibani, husoma hitima na kupika pilau, kisha matanga huisha. Kule matanga hayaishi. Kufa iko jirani kabisa na Najaf, na wanaotandaza mikono barabarani leo ni watu wa ardhi ileile iliyomwita mgeni kisha ikamfungia mlango. Kwa jinsi ninavyouona mimi, ukarimu ule haukuanza kama wema wa kawaida tu. Ni deni la wenyeji, na kila kikombe cha maji anachopewa zuwari ni sehemu ya kulilipa.

Wanaotoka mbali kuliko wote nchini humo huanzia Ras al-Bisha, katika wilaya ya Faw, mahali mto Shatt al-Arab unapoingia Ghuba. Kutoka hapo hadi Karbala ni zaidi ya kilomita 500: Basra, Nasiriyah, Samawah, Diwaniyah au Najaf, halafu Karbala. Ni safari ya wiki mbili au zaidi, katika nchi tambarare ya mitende, mashamba, mifereji na vumbi. Kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, Arubaini huhama misimu. Ilipita kwenye baridi, na mwaka 2025 iliangukia katikati ya Agosti, wakati ambapo kusini mwa Iraki nyuzi joto 50 hazimshangazi mtu.

Jua la namna hiyo limebadili mwendo wa siku. Watu huanza kutembea jua likikaribia kuzama, huenda usiku kucha kwa makundi, na baada ya swala ya alfajiri husukuma tena mpaka saa mbili au saa tatu asubuhi. Saa tano barabara huwa tupu. Lami hulainika, na hewa hupwita juu yake. Hapo ndipo unapoelewa kwamba bila wenyeji safari hii isingewezekana. Mtu hawezi kubeba mgongoni maji ya kumtosha katika joto lile, wala hakuna hoteli wala serikali inayoweza kuwalaza watu wote wale mchana kutwa.

Mahali wanapopumzikia huitwa maukibu. Baadhi ni mahema, nyingine ni mabanda ya bati, nyingine majumba ya zege yaliyojengwa kwa shughuli hii peke yake na kufungwa mwaka mzima. Ingia katika moja saa sita mchana. Mlangoni kuna pipa lenye pande la barafu linalovunjwa kwa nondo, na vikombe vya plastiki vya maji vimefukiwa ndani yake. Jenereta linaunguruma nyuma, maana umeme wa gridi hukatika hovyo. Feni kubwa zinapuliza mvuke wa maji juu ya magodoro yaliyopangwa ukuta hadi ukuta, na watu wamelala kitambaa kibichi usoni. Sinia linashuka: wali na qima, yaani nyama na dengu zilizopondwapondwa mpaka zimekuwa rojo zito, chakula ambacho watu wa Najaf hujivunia. Upande wa kusini utapewa mkate wa unga wa mchele, samaki wa kuchoma, au mkate uliolowekwa kwenye mchuzi wa baakila, yaani maharage mapana, na kumiminiwa samli ya moto. Halafu chai kwenye vigilasi vidogo, sukari imejaa robo. Tumbo likikataa huletewa chai ya ndimu kavu, zile ndimu nyeusi za Oman ambazo Wairaki huziita za Basra kwa kuwa ziliingilia bandarini hapo.

Kwenye kona, mzee mwenye mvi amepiga magoti mbele ya kijana asiyemjua, amempakata mguu, anamkanda wayo kwa mafuta. Kijana anaona haya, anauvuta mguu, mzee anaurudisha. Anatoboa lengelenge kwa sindano iliyochomwa moto, anapaka dawa, anafunga bandeji, kisha anauliza: na wa pili? Nje, mtoto ambaye hata shule hajaanza amesimama juani ameshika boksi la tishu kwa mikono miwili, kila apitaye achomoe moja afute jasho. Ndiyo kazi aliyopewa nyumbani, na hataki mtu ampite. Mwingine hunyunyiza marashi. Wapo wazee wanaokaa chini kando ya njia na sinia la tende na ufuta uliosagwa kichwani, mgeni achukue bila kuinama. Unapoamka utakuta fulana yako imefuliwa na kupigwa pasi. Nani ameifua, hutajua.

Wote hawa hujiita mahadimu wa Husein, na hadimu hapokei senti. Gharama hutoka mifukoni mwao. Familia nyingi za wakulima na vibarua huweka akiba mwaka mzima, kidogo kidogo, na kuna koo zinazochanga kama tunavyochanga harusi. Ukimuuliza mwenyeji anapataje, atajibu kwamba riziki ya maukibu hailetwi na yeye.

Dini haikufanya kazi hii peke yake. Ilikuta mila ya makabila ya Kiarabu ya huko ambayo tayari ilikuwa na mizizi. Karibu na vinamasi vya kusini sheikh wa kabila huwa na mudhifu, jumba la wageni lililojengwa kwa matete yaliyofungwa matita na kupindwa kuwa matao, bila msumari hata mmoja. Humo kahawa chungu huzungushwa katika kikombe kisicho na mkono, na aliyetosheka hukitikisa kidogo kabla ya kukirudisha. Wanywaji wa kahawa wa Mombasa na Unguja hawangepata shida kuelewa. Kwa mila ya tangu kale, mgeni haulizwi shida yake mpaka siku tatu zipite, na heshima ya ukoo hupimwa kwa idadi ya waliokula kwake. Ndiyo maana ule ugomvi wa kugombania wageni si mchezo. Maukibu isiyopata watu huona aibu.

Linalonigusa kuliko yote ni kwamba wanaogawa maji wenyewe hawana maji ya kutosha. Furati imepungua, na miaka ya karibuni serikali imebana kilimo cha mpunga, hata wa anbari, mchele wenye harufu nzuri unaolimwa maeneo ya Najaf na Diwaniyah. Basra maji ya bomba huingia chumvi. Mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walifikishwa hospitalini kwa sababu ya maji machafu. Katika nchi hiyohiyo, Safar ikiingia, hakuna mpita njia anayeachwa na kiu. Aliyezuiwa maji Karbala hawezi tena kunyweshwa, wananyweshwa wanaomwendea.

Ilikuwako miaka ambayo kumpa zuwari maji kuliweza kumfunga mtu. Utawala wa chama cha Baath uliipinga safari hii, na Februari 1977 waliokaidi na kuandamana kutoka Najaf walishambuliwa na majeshi njiani. Wengi walikamatwa na wengine wakahukumiwa kifo. Baada ya hapo waliothubutu walipita kwa kujificha kwenye mashamba ya mitende kando ya mto, njia inayojulikana kama Njia ya Maulamaa, na wanavijiji waliwalisha usiku. Utawala ulipoanguka mwaka 2003, barabara zilifurika mwaka huohuo. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ukarimu wa Arubaini katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na inafaa kusisitiza kilichoandikwa humo: ni huduma na ukarimu unaotolewa kwa wanaozuru.

Wageni wengi kutoka nje hutembea kipande cha mwisho tu, kutoka Najaf, kilomita kama 80 za siku tatu. Kando ya barabara hiyo nguzo za taa zimepewa namba mpaka 1452, na namba hizo ndizo anwani: watu huagana kukutana nguzo ya mia nane. Utasikia Kifarsi, Kiurdu, Kiazeri, na Kiswahili pia, kwa kuwa vikundi vya Mashia kutoka Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na kwingineko huenda. Hawa wana mazoea yao ya kugawa maji na sharbati ya sabili Muharram, kwa hiyo wanachokikuta si kigeni kwao isipokuwa kwa ukubwa.

Adabu za mgeni ni chache. Onja kila unapokaribishwa, usishibe popote. Usitoe pesa, ni kama kumtukana mwenyeji. Akikuomba dua, mwombee palepale akusikie. Usimalize magodoro ya kivuli kwa kukaa siku mbili, kwa kuwa nyuma yako wanakuja wengine. Na kikombe cha plastiki kitie pipani: doa la safari hii ni takataka zinazobaki na chakula kinachomwagwa kwa sababu kila mmoja amepika cha kulisha mtaa mzima.

Joto nalo litazidi kabla halijapungua, maana Arubaini itapita Julai na kuingia Juni ifikapo mwaka 2030. Wenyeji wanalijua hilo, na maukibu zinazojengwa sasa zinajengwa kwa hesabu ya barafu na feni.

Watu wa kusini wana utaratibu mmoja ambao mgeni wa siku tatu hauoni. Watembeaji wa Faw wakishapita, mwenye maukibu wa Basra huosha masufuria, hufunga banda, huvaa ndara, na yeye na wanawe huingia barabarani. Akifika Samawah, yule aliyekuwa akiwazuia watu kwa mikono miwili anazuiwa yeye, anakalishwa, anavuliwa viatu. Msamawah naye, kundi la mwisho likipita, atafunga banda amfuate, awe mgeni wa watu wa mbele. Ukifika Karbala huwezi tena kutenganisha aliyelisha na aliyelishwa, na hakuna aliyeweka daftari.