Mwanga Uandikwe Pamoja na Wimbo

Taa nyingi za LED za bei nafuu huja na maikrofoni ndogo ndani yake. Ukiziweka zifuate sauti, besi ikigonga tu zinabadili rangi, na mwenye ukumbi anaona kazi imekwisha. Mimi nasema haijaanza. Maikrofoni ile inasikia ukali wa sauti, lakini haijui wimbo umefika wapi, na Morogoro ni mji ambao muziki wake unalionyesha jambo hilo waziwazi. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah ikafuata mwaka 1948, na baadaye gitaa la Mbaraka Mwinshehe likaupa mji huu jina Afrika Mashariki nzima. Wimbo wa dansi wa jadi hiyo mara nyingi una sehemu mbili: kwanza maneno yanaimbwa taratibu, kisha waimbaji wanapisha, magitaa yanashika uwanja na watu wanainuka kucheza. Kwenye mpito huo sauti huenda isipande hata kidogo. Kinachobadilika ni mwendo wa gitaa na mazungumzo yake na ngoma. Mchezaji anaujua mpito huo kabla haujafika. Taa inayosubiri besi haioni kilichotokea.

Anayejua ni yule aliyeupanga wimbo, na siku hizi huyo ni prodyuza aliyekaa mbele ya FL Studio, Cubase au Ableton Live. Kwenye skrini yake kila kitu kimeshapangwa: kiitikio kinaanzia wapi, besi inatoka lini, ukimya wa nusu sekunde umewekwa wapi. Kinachohitajika ni kuongeza trake moja isiyotoa sauti, inayotuma amri za MIDI, ile lugha ya vyombo vya kielektroniki iliyotoka mwaka 1983. Programu ya bure kama QLC+ inazipokea amri hizo na kuzigeuza kuwa DMX512, lugha ya taa za jukwaani iliyobuniwa Marekani mwaka 1986, kisha kifaa kidogo cha USB kinazipeleka kwenye waya. Waya mmoja una chaneli 512. Taa ya chaneli saba ikipewa anwani ya 1, inayofuata inaanzia 8, na ya tatu 15. Ukikosea hapo, taa mbili zitagombania amri moja na utadhani kompyuta imeharibika. Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni mpaka ukumbi uwe giza. Thamani za MIDI zinaishia 127, za DMX zinafika 255. Ukiuamuru mwanga ufifie kwa sekunde ishirini moja kwa moja kutoka kwenye programu ya muziki, unapata ngazi kama sita tu kwa sekunde, na karibu na giza jicho linaziona zikiruka moja moja. Kwa hiyo trake ya muziki itume noti moja tu ya kuanzisha tendo, na kufifia kwenyewe kuachiwe QLC+.

Wapo watakaosema kwamba mwanga ulioandikwa unaua uhai wa muziki wa jukwaani. Katika ngoma za Waluguru, kama katika ngoma nyingi, mpigaji humtazama mchezaji na kurefusha pale panapofaa. Bendi ya dansi nayo hurefusha sebene, ile sehemu ya magitaa, kadiri watu wanavyocheza. Pingamizi hili lina uzito, na mwanga uliofungwa kwenye saa ya kompyuta ungekuwa kero tupu mbele ya bendi kama hiyo. Lakini kuandika mwanga si lazima kuufunga na saa. Msanii wa Bongo Fleva anayeimba juu ya biti iliyorekodiwa anaweza kuwa na mwanga unaotembea na biti tangu mwanzo hadi mwisho. Bendi inahitaji matendo yaliyotayarishwa, kila moja likisubiri kitufe cha kinanda kidogo cha MIDI, na mtu mwenye masikio anayebonyeza gitaa linapoingia. Hapo kompyuta inatunza rangi na kasi. Wakati unabaki mikononi mwa binadamu.

Umeme ni pingamizi gumu zaidi. Kompyuta moja ikizimika, sauti na mwanga vinakufa pamoja, na hilo linatosha kumtaka fundi awe na njia ya pili: taa zipangwe zibaki na rangi moja tulivu zinapokosa amri, au kompyuta ya mwanga iwe peke yake. Gharama ya nishati, hata hivyo, iko upande wetu. Taa za zamani za wati 1,000 zingeimaliza jenereta ya kilowati 2 zikiwa mbili tu. Taa nane za LED za wati 150 zinakula wati 1,200 na kuacha akiba ya spika ndogo, hata kwenye onyesho la kijijini kule Mgeta, juu milimani Uluguru.

Sababu inayonisukuma zaidi ni singeli. Muziki huu hufikia midundo 240 kwa dakika, na kupita hapo. Taa ikimweka kila mdundo, ni mara nne kwa sekunde. Kila nusu mdundo, ni nane. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza imeshauri mimweko ya ukumbini isizidi minne kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa kinachochokozwa na mwanga. Wenye kifafa cha namna hiyo ni wachache kati ya wagonjwa wa kifafa, lakini mkoa wa Morogoro una Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuandika juu ya wingi wa kifafa tangu miaka ya 1960. Taa inayofuata maikrofoni haina kikomo cha kuaminika. Kwenye trake ya MIDI mimweko inaonekana kwa macho, inahesabika, na prodyuza anaweza kufuta mmoja kati ya kila miwili kabla mgeni wa kwanza hajaingia ukumbini.