Hadithi za Uhalisia Pepe kwa Msomaji Asiye na Miwani ya Bei Kubwa

Siku hizi zipo hadithi ambazo msomaji hafunui kurasa zake, ila huvaa miwani mikubwa akajiona yumo ndani: akigeuka kushoto aona mlango, akitazama juu aona dari. Jambo hili huitwa uhalisia pepe. Shida ni bei. Miwani ya Oculus Rift ilipotoka mwaka 2016 iliuzwa dola 599 za Marekani, tena haikufanya kazi bila kompyuta yenye nguvu. Mwandishi aandikaye kwa miwani ya namna hiyo peke yake amekwisha kuwafungia mlango wasomaji wengi.

Walakini siri ya miwani hiyo si ngeni. Macho yetu yameachana kwa sentimita 6 hivi, na kila jicho laona kitu kwa upande wake. Ubongo huunganisha picha hizo mbili, tukajua kilicho karibu na kilicho mbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838. Mwaka 1861 Oliver Wendell Holmes, daktari na mwandishi wa Boston, alibuni kifaa chepesi cha mkononi cha kutazamia picha mbili namna hiyo. Kwa kusudi hakujipatia haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze, basi mafundi wakakitengeneza kwa wingi na kwa bei ndogo.

Kampuni ya Google ilifuata njia hiyo mwaka 2014, ilipotoa ramani ya kisanduku cha karatasi ngumu kiitwacho Cardboard, mtu apate kukikata mwenyewe. Ndani mna lenzi mbili, na mbele huwekwa simu ambayo skrini yake imegawanywa picha mbili. Kichwa kikigeuka, simu huhisi, na picha hugeuka nayo. Novemba 2015 gazeti la New York Times liliwapelekea wasomaji wake visanduku zaidi ya milioni moja, wapate kutazama habari za watoto watatu waliofukuzwa makwao na vita, mmoja wao wa Sudan Kusini. Google iliacha kuviuza mwaka 2021, lakini ramani ilikwisha kuwa mikononi mwa watu.

Kisanduku kina upungufu wake. Msomaji hawezi kutembea ndani ya hadithi, na herufi ndogo hazisomeki, kwa kuwa lenzi hukuza hata vitone vya skrini. Kwa maoni yangu hapo ndipo sauti inapofaa kuliko maandishi. Mfano mzuri ni Notes on Blindness ya mwaka 2016, iliyotokana na kanda alizorekodi John Hull, mwalimu wa chuo kikuu aliyepofuka. Humo sauti ndiyo inayotangulia, picha hufuata nyuma.

Na asiye na kisanduku je? Kwa A-Frame, programu ya bure iliyoanzishwa na Mozilla mwaka 2015, hadithi huwekwa katika ukurasa wa intaneti unaofunguka kwenye miwani, kwenye simu, hata kwenye kompyuta ya maktaba, na msomaji huzungusha picha kwa kidole au kwa kipanya. Video ni nzito, hula bando; vyumba vyenye maumbo machache pamoja na sauti ni vyepesi zaidi. Kisha mwandishi aweke na maneno yote ya hadithi kwa maandishi matupu, kwa ajili ya asiyeona na wa kushikwa na kizunguzungu. Katika shule ambamo wanafunzi hawaruhusiwi simu, maandishi hayo yaweza kuchapwa na kugawanywa, na simu moja ya mwalimu ikapita dawati hadi dawati.